Ningeketi na Mamo wa Dominika

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ukipewa saa moja ya kuketi na kiongozi wa nje ya Afrika, aliye hai au aliyetangulia mbele ya haki, ungeketi na nani, na ungemuuliza nini? Mimi ningeketi na Mary Eugenia Charles, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Dominika kuanzia 1980 hadi 1995. Swali langu kwake ni moja tu, lakini halieleweki bila kusimulia maisha yake. Kwa hiyo naomba mnivumilie, jibu langu ni refu.

Nianze na nchi yenyewe, maana nikilitaja jina hili watu hufikiri nasema Jamhuri ya Dominika, ile ya Kihispania. Sivyo. Dominika yangu ni kisiwa cha bahari ya Karibi, kidogo kuliko Pemba, kilomita za mraba 750 hivi, chenye milima ya volkano, mito isiyohesabika na watu wapatao elfu sabini. Wanazungumza Kiingereza na Krioli yenye asili ya Kifaransa. Sisi tuliolelewa katika Kanisa Katoliki huku Bukoba tunalijua neno hilo tangu utotoni, kwani kanisani Jumapili huitwa Dominika. Na ndivyo kisiwa kilivyoitwa: Columbus alikiona Jumapili, tarehe 3 Novemba 1493. Wakalinago waliokuwa wakiishi hapo walikuwa na jina lao tayari, Waitukubuli, maana yake mwili wake ni mrefu. Nikitazama picha za milima ile naona wenyeji ndio waliopatia.

Nilimsikia mama huyu kwa mara ya kwanza Oktoba 1983, nikiwa kidato cha pili. Baba alikuwa na redio ya betri ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa saa ya taarifa ya habari. Jioni hiyo ilitangazwa kwamba majeshi ya Marekani yameingia Grenada, kisiwa kingine cha Karibi, na kwamba Rais Reagan alipotangaza habari hiyo Ikulu ya Washington alisimama pamoja na waziri mkuu mwanamke kutoka visiwa vya huko. Baba aliguna. Mama, aliyekuwa akimenya ndizi, akauliza, "Huyo mwanamke ni wa wapi?" Hakuna aliyejua. Mimi nikabaki nalo swali lile, na baadaye, nilipoajiriwa mahakamani, kwanza kama mpiga chapa kisha karani, nikawa nasoma kila nilichokipata juu yake. Jambo lililonishika ni kwamba naye alianzia mahakamani.

Alizaliwa tarehe 15 Mei 1919 katika kijiji cha Pointe Michel, kusini kidogo ya mji mkuu, Roseau. Baba yake, John Baptiste Charles, alikuwa fundi mwashi aliyejinyanyua mpaka akamiliki mashamba, akasaidia kuanzisha benki ya kuweka akiba ya senti kwa watu wadogo, na akaishi zaidi ya miaka mia. Binti alisoma kwa masista, hapo kwao na kisha Grenada. Alifanya kazi katika mahakama ya hakimu, akiandika yanayosemwa, na humo ndimo alimopata hamu ya sheria. Akaenda Chuo Kikuu cha Toronto, kisha London, akasajiliwa kuwa wakili mwaka 1947. Mwaka 1949 alirudi nyumbani na kuwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya uwakili katika kisiwa kile.

Kwa karibu miaka ishirini hakugombea chochote. Alikuwa wakili wa Roseau mwenye kesi za ardhi na mirathi, hana mume, hana mtoto, anaishi na wazazi wake. Alikuwa akiandika magazetini kuikosoa serikali, na alikuwa na ulimi mkali. Ni haki pia kusema kwamba wengi walimwona kama binti wa matajiri wa mjini. Serikali aliyoikosoa, ya Edward LeBlanc wa chama cha Labour, ilipendwa sana na wakulima wa vijijini, watu ambao kabla yake hakuna aliyewajali. LeBlanc hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa kuwa wanaompenda Eugenia hupenda kumpaka matope LeBlanc ili binti yao ang'ae.

Lakini mwaka 1968 LeBlanc alipeleka bungeni sheria ya machapisho ya uchochezi. Watu wakaipa jina lao wenyewe: sheria ya Funga Mdomo. Eugenia Charles alikuwa na miaka arobaini na tisa, umri ambao wengi wetu tunaanza kuhesabu miaka ya pensheni. Akatoka ofisini kwake, akapanda jukwaani, akazunguka kisiwa kuipinga. Mwishoni mwa mwaka huo yeye na wenzake wakaunda chama wakakiita Chama cha Uhuru. Miongoni mwao alikuwemo Phyllis Shand Allfrey, mwanamke aliyekuwa ameshiriki kukianzisha chama cha Labour chenyewe mwaka 1955, kisha akafukuzwa humo. Kwa hiyo chama tawala na chama cha upinzani vya kisiwa kile vyote vilikuwa na mkono wa mwanamke katika msingi, jambo ambalo husemwa mara chache.

Mwaka 1970 aliingia bungeni kwa kuteuliwa, na mwaka 1975 wapiga kura wa Roseau wakamchagua, akawa kiongozi wa upinzani. Kuna kisa kinachosimuliwa sana cha wakati huo. Wakubwa wa bunge walitoa amri juu ya mavazi yanayostahili mbele ya Spika. Eugenia, mwanamke wa makamo, mnene wa umbo, mcha Mungu, akaingia bungeni na vazi la kuogelea. Wengine hukisimulia ili wacheke. Mimi nikikisoma namwona wakili: amechukua maneno ya amri, ameyasoma neno kwa neno, akaonyesha kwa mwili wake upuuzi wake. Nimewaona mawakili wakifanya hivyo kwa kalamu. Kwa vazi, sijamwona mwingine.

Dominika ilipata uhuru tarehe 3 Novemba 1978, siku ileile ya Columbus. Sisi watu wa Kagera tunaikumbuka wiki hiyo kwa sababu nyingine. Siku moja kabla, tarehe 2, Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba tutampiga Amin, na kwetu watu walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani. Nitarudi hapo.

Uhuru wao ulianza vibaya. Waziri Mkuu Patrick John aliingia katika mikataba ya siri na wageni wa ajabu, kisha akaleta sheria za kuwabana wanaogoma na wanaoandika magazetini. Mdomo tena. Tarehe 29 Mei 1979 maelfu ya watu walikusanyika nje ya jengo la serikali Roseau, na wanajeshi wakawafyatulia risasi. Kijana mmoja alikufa, wengine wakajeruhiwa. Nchi nzima ikagoma, maduka na ofisi zikafungwa, na mwezi Juni serikali ikaanguka. Eugenia alikuwa katikati ya kamati iliyoshughulikia kuunda serikali ya mpito, lakini uwaziri mkuu ukaenda kwa Oliver Seraphin.

Miezi mitatu kamili baada ya risasi zile, tarehe 29 Agosti, kikaja kimbunga David. Mimi ni mtoto wa migomba, na nikiisoma habari hii huwa naweka kitabu chini. Mgomba ni mti gani wa kushindana na upepo? Ukivuma wa kawaida tu, asubuhi unakuta mikungu imelala shambani. Huu ulipiga kwa kasi ya kilomita zaidi ya 200 kwa saa, kwa saa nyingi. Ndizi ndizo zilizokuwa zao kuu, wakiwauzia Waingereza. Hazikubaki. Watu wapatao elfu sitini, yaani wengi kabisa wa kisiwa, walibaki bila paa. Misitu ya mlimani ilivuliwa majani mpaka milima ikaonekana ya kahawia. Mwaka uliofuata, migomba mipya ikiwa imeanza kuzaa, kikaja kimbunga Allen.

Kati ya vimbunga hivyo viwili ndipo ulipofanyika uchaguzi, tarehe 21 Julai 1980. Chama cha Uhuru kilipata viti 17 kati ya 21. Eugenia Charles, mwenye miaka sitini na mmoja, akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu katika nchi huru ya Karibi. Wananchi wakamwita Mamo.

Alichokirithi ni nchi iliyolala chini, na akajitwalia mwenyewe wizara ya fedha pamoja na mambo ya nje. Wenye kumpenda na wenye kumchukia wanakubaliana kwamba hakuiba. Alijenga barabara za kwenda mashambani ili ndizi zifike bandarini bila kuchubuka, akasukuma umeme vijijini. Alikataa kasino na vilabu vya usiku, akisema watalii waje kwa ajili ya mito na msitu au wasije. Wakati huo walimwona mshamba. Leo kisiwa kile kinajulikana duniani kwa mambo hayohayo.

Ila mwaka wa 1981, mhariri, ndio mwaka ambao ningependa kila mwanafunzi wa sheria ausome. Mwezi Februari vijana wenye silaha waliojificha milimani walimteka mkulima mmoja, baba wa katibu wake wa habari, wakamuua. Wakati huohuo njama nyingine ilikuwa inapikwa nchini Marekani. Mtu wa Texas aitwaye Mike Perdue alikusanya wazungu, baadhi yao wa Ku Klux Klan na wafuasi wa Wanazi, ili wapande boti Louisiana, wateremke Dominika usiku, wampindue Mamo na kumrudisha Patrick John. Malipo yao yangekuwa nafasi za kujitajirisha kisiwani. Fikiri: watu wanaoamini kuwa mweusi si mtu, wanakodiwa kumrejesha mweusi mmoja madarakani kwa kumtoa mweusi mwingine. Nahodha wa boti aliwapelekea habari maofisa wa Marekani, na tarehe 27 Aprili wakakamatwa karibu na New Orleans kabla ya kung'oa nanga.

Mamo alilivunja jeshi la ulinzi, kwani baadhi ya askari wake walikuwa ndani ya njama. Patrick John alikuwa tayari kizuizini. Tarehe 19 Desemba mwaka huohuo wanajeshi wa zamani, wakiongozwa na aliyekuwa mkuu wao, Frederick Newton, walishambulia makao makuu ya polisi na gereza alimokuwamo John. Polisi mmoja aliuawa, kamishna akajeruhiwa, na jaribio likazimwa.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 1982 mahakama ilimwachia huru Patrick John. Kiongozi amenusurika njama mbili katika mwaka mmoja, adui yake mkuu yuko mikononi mwake, na mahakama inasema hana hatia. Najua nchi ambako usiku huo mtu angetoweka. Mamo alimwacha aende nyumbani. Serikali ikakata rufaa, kesi ikapanda mpaka Baraza la Malkia London, iliyokuwa mahakama yao ya mwisho ya rufaa, ikarudi, ikasikilizwa upya, na mwaka 1985 John akahukumiwa kifungo cha miaka kumi na miwili. Aliachiliwa 1990, Mamo mwenyewe akiwa bado madarakani. Mtu aliyekaa mahakamani anajua uchungu wa kesi inayokwenda na kurudi kwa miaka. Yeye aliubeba uchungu huo wakati angeweza kukata njia, na kwa hilo namvulia kilemba.

Kisha Grenada. Hapa simtetei moja kwa moja, na simlaani moja kwa moja. Tarehe 19 Oktoba 1983 Waziri Mkuu Maurice Bishop alipigwa risasi ukutani na wenzake wa mapinduzi, pamoja na mawaziri wake, akiwemo Jacqueline Creft aliyekuwa waziri wa elimu. Wanajeshi wakatoa amri kwamba atakayeonekana nje atapigwa risasi. Eugenia alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya nchi ndogo za Karibi ya Mashariki, nchi ambazo nyingi hazina jeshi la kutajika. Wakaiomba Marekani iingie. Tarehe 25 akasimama na Reagan mbele ya waandishi wa habari na kujibu maswali kwa ukali kuliko mwenyeji wake. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalaani uvamizi kwa kura 108 dhidi ya 9. Hata Thatcher, Waziri Mkuu wa Uingereza na rafiki wa Reagan, alikasirika, kwa kuwa Malkia wa Uingereza ndiye aliyekuwa mkuu wa dola ya Grenada. Hospitali ya wagonjwa wa akili ilipigwa mabomu, wakafa watu wasiojua hata vita ni vya nani.

Baba yangu, ambaye nyumba ya kaka yake kule Kyaka ilibomolewa na askari wa Amin, alilifikiria jambo hili kwa siku kadhaa. Alisema sisi tuliingia Uganda kwa sababu tulipigwa kwetu. Grenada haikumpiga mtu. Halafu akanyamaza, akaongeza: "Lakini kama jirani yangu anaua watoto wake usiku, nami nasikia, nifanyeje?" Hakujijibu. Ninachojua ni kwamba Mamo, aliyekuwa amevumilia mahakama imwachie adui yake, safari hii hakusubiri mahakama wala baraza lolote la dunia. Baada ya hapo fedha za Marekani za barabara ziliongezeka. Aliulizwa juu ya hilo maisha yake yote, wala hakuomba radhi hata mara moja.

Miaka iliyobaki nitaipita haraka. Alishinda tena 1985 kwa viti 15, na 1990 kwa viti 11, kiti kimoja tu juu ya wenzake. Mwaka 1991 Malkia Elizabeth alimtunuku cheo cha Dame katika mkutano wa Jumuiya ya Madola mjini Harare, ndiyo maana ninyi vijana mkimtafuta mtaona Dame Eugenia. Mwisho wa utawala wake serikali ilianza kuwauzia wageni uraia, na watu wengi waliumia kuona pasipoti inauzwa. Bei ya ndizi nayo ilikuwa inatetereka, kwani upendeleo wa Uingereza ulikuwa unaelekea ukingoni. Mwaka 1995 aliondoka kwa hiari yake, na chama chake kikashindwa uchaguzi. Yeye, akiwa na miaka sabini na sita, alikwenda Washington kuwa mwanafunzi tena, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alifariki tarehe 6 Septemba 2005 hospitalini Martinique, alikopelekwa baada ya kuvunjika nyonga. Mwaka huohuo Chama cha Uhuru kilikuwa kimepoteza kiti chake cha mwisho bungeni.

Sasa swali langu.

Frederick Newton na wenzake watano walihukumiwa kifo kwa shambulio la Desemba 1981. Watano walipunguziwa adhabu, ikawa kifungo cha maisha. Newton alinyongwa tarehe 8 Agosti 1986. Kila kitu kilifuata sheria: kesi, rufaa, maombi ya huruma. Mimi katika kazi yangu nimepiga chapa hukumu za kifo. Sentensi ya mwisho ya hukumu ile naijua kwa vidole, na hata baada ya miaka mingi nilikuwa nikimaliza nasimama, natoka nje, nakaa chini ya mti mpaka mikono itulie. Nchi yetu haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, kwa hiyo karatasi zangu hazikumuua yeyote. Yake ilimuua mtu.

Nisingemuuliza kama alikuwa na haki. Polisi alikuwa amekufa, na mjane wake naye ana neno lake. Ningemuuliza hivi: Mamo, uliingia siasa ukiwa na miaka karibu hamsini kwa sababu serikali ilitaka kufunga midomo kwa kutumia sheria, na wewe uliiamini sheria kuliko walioitunga. Ulimwacha Patrick John aende nyumbani kwa kuwa sheria ilisema hivyo, ukawaacha watano waishi kwa kuwa sheria iliruhusu. Huyu wa sita sheria iliruhusu pia aishi. Kwa nini yeye hapana?

Halafu ningenyamaza nimwache aseme. Wanaomjua wanasema hakuwahi kukwepa swali, hata la mtoto. Na kama angebaki na dakika tano katika saa ile mliyonipa, ningemwomba aniambie alfajiri ya tarehe 8 Agosti 1986 alikuwa wapi, na kama alilala.